Hesabu ya Sange: Jinsi Mnyama Mwoga wa Msituni Anavyopigwa Picha kwa Karibu

Picha za kwanza za sange wa Udzungwa zilipigwa mwaka 2005, na mpiga picha hakuwepo. Mtafiti Mwitaliano Francesco Rovero alikuwa amefunga kamera kwenye miti ya msitu wa Ndundulu, zijipige zenyewe kila kiumbe chenye joto kinapokatiza mbele yake. Zilipokaguliwa, akatokea sange mkubwa kuliko wenzake, mwenye uso wa kijivu, ambaye hakuwemo kwenye kitabu chochote. Kwa kipimo cha mpiga picha, zilikuwa picha mbovu. Watafiti ziliwatosha, mwaka uliofuata wakafunga safari kwenda kumtafuta wamtie mkononi. Huko mitego waliyobeba ikawaangusha, maana ilikuwa midogo kwa mnyama wa karibu gramu 700, ikabidi wageukie vitanzi vya kamba vya kienyeji, vikategwa palepale kwenye vijia anavyopita. Mwaka 2008 akaandikwa rasmi kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis.

Habari hii husimuliwa kama ushindi wa mashine. Mimi naona mashine ilikuwa jambo dogo. Kamera na kitanzi vilifaulu kwa sababu ileile: havikumwendea mnyama. Viliwekwa alikokuwa akienda mwenyewe, vikangoja. Minde, yule paa mkubwa mwenye manyoya ya giza wa misitu ya milimani Tanzania, naye hakuwahi kupigwa picha porini hadi mwaka 2003, hukohuko Udzungwa, kwa njia hiyohiyo. Linalonishughulisha ni jambo la pili: je, mtu mwenye pumzi, harufu na miguu miwili anaweza kupata ukaribu huo akiwa yeye mwenyewe nyuma ya lenzi? Anaweza, ila kwanza akubali kwamba mnyama anapiga hesabu.

Mwaka 1986 wanabiolojia wawili, Ydenberg na Dill, waliandika makala ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kuelewa mnyama anapokimbia na kwa nini. Walisema mnyama hakimbii mara tu anapomwona adui. Mara nyingi amekwisha kumwona kitambo. Anakimbia pale hasara ya kubaki inapozidi hasara ya kuondoka. Na kuondoka kuna gharama yake: chakula kinaachwa, nguvu zinatumika, muda unapotea. Kwa hiyo ule umbali anaokuruhusu si kitu cha kudumu kama uzito wake au rangi yake. Ni bei, nayo hupanda na kushuka kwa kila unachofanya. Ukimjia moja kwa moja, inapanda. Ukimkazia macho, inapanda. Ukiongeza mwendo ghafla, biashara imekwisha. Ukipita ubavuni taratibu kama mtu aendaye kwingine, inashuka.

Ukiitazama kazi hii kwa jicho hilo, mambo mengi yanayouzwa madukani yanapungua thamani. Nguo za mabaka na wavu wa kufunika uso vina nafasi yake, sikatai, lakini vinamficha mtu ambaye mara nyingi ameshaonekana, ameshasikika na ameshanuswa. Kujificha ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili, tena ndiyo ngumu, ni kuonekana bila kutisha.

Tumchukue sange wa Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 katika pwani ya Kenya, upande wa Kilifi na Malindi. Huyu ni Rhynchocyon chrysopygus: gramu 500 na ushei, miguu myembamba, pua ndefu isiyotulia, na makalio ya rangi ya dhahabu utadhani alikalia ubao uliopakwa rangi mbichi. Mengi tunayoyajua juu yake yanatokana na Galen Rathbun, Mmarekani aliyemfuatilia miaka ya 1970. Sange hulala usiku ndani ya kiota cha majani makavu kilichojengwa chini, hutoka kabla jua halijachomoza, kisha mchana kutwa huzunguka akipekua majani yaliyoanguka kutafuta mende, mchwa, buibui na minyoo. Dume na jike humiliki eneo moja, lakini kila mmoja hutembea peke yake. Eneo lenyewe ni dogo, chini kidogo ya hekta mbili. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi. Aliyeonekana leo asubuhi, kesho yumo ndani ya mzunguko uleule, na keshokutwa pia. Hakuna sababu ya kumkimbiza.

Sange husikika kabla hajaonekana. Sauti yake ni ya kuchakura, kama kitu chepesi kinafukua majani, kinanyamaza, kinafukua tena hatua mbili mbele. Mwongozaji mzuri wa msitu huu humtambua kwa sikio na kumtenga na kenge au ndege anayerukaruka chini. Sauti hiyo ndiyo kipimo chako cha bei. Ikiendelea, uko salama. Ikikatika ghafla, ameinua kichwa na anakupigia hesabu.

Kinachofuata hapo ndicho kiini cha ufundi wote. Sange akikugundua ukiwa bado mbali kiasi, hapigi mbio. Hupiga mkia wake juu ya majani makavu: pa! Kimya. Kisha pa! tena. Rathbun alieleza kwamba huo ni ujumbe kwa mla nyama: nimekuona, na mbio zangu huziwezi, usijisumbue. Windo la kushtukiza limeshaharibika, kwa hiyo mwindaji mwenye akili huenda zake. Sasa angalia wapiga picha wengi wanavyofanya wanaposikia mkia ule. Huganda, kisha huinama, kisha huanza kutambaa kwa matumbo kuelekea sauti ilikotoka, kamera mbele. Hawajui kwamba wamejibu ujumbe ule kwa lugha ya mla nyama. Windo limegunduliwa nao bado wanaendelea nalo! Kwa hesabu za sange hakuna dalili mbaya kuliko hiyo, na ndani ya sekunde unaona dhahabu ikiyeyuka vichakani.

Jibu sahihi linaonekana kama uvivu. Mgeuzie bega. Tazama pembeni. Keti polepole kama mtu aliyechoka, na ushughulike na kitu kisichomhusu, hata kama ni kamba ya kiatu. Usishike kamera usoni. Lenzi kubwa ya duara inayomwelekea ni jicho, tena jicho kubwa kuliko la chui. Iache mapajani mpaka kuchakura kuanze upya, ndipo uipandishe, na uipandishe wakati pua yake imo ndani ya majani. Kila mwendo wako ufanyike chini ya kelele zake mwenyewe. Akifukua, unasogea. Akinyamaza, umenyamaza kabla yake.

Tena kuna suala la majani unayokanyaga wewe. Rathbun aliona kwamba sange hujenga kiota asubuhi, wakati majani yamelowa umande na hayapigi kelele. Mnyama mwenyewe anaogopa kelele za majani. Sasa mtu wa kilo 70 mwenye buti afanye nini? Afuate saa zilezile. Saa mbili za kwanza za mchana, au asubuhi ya baada ya mvua, zinatoa nafasi ambayo kiangazi cha Februari saa sita hakitoi kamwe. Na kama umeshajua njia yake, nenda siku moja kabla, chagua shina la mti la kuegemea, fagia majani kwa mkono mpaka ubaki udongo mtupu mahali pa kuketi na pa kuweka miguu. Ni kazi ya dakika chache, na sijaona kifaa cha bei yoyote kinachoifikia kwa faida. Fanya hayo ukiwa na mwongozaji. Arabuko-Sokoke kuna tembo, na tembo hawana haja na saikolojia yako ya kukaa kimya.

Pa kuketi panachaguliwaje? Tazama vishimo vidogo vyenye udongo mbichi, ambamo pua na kucha vilipita asubuhi hiyo. Na mtazame ndege aitwaye kurumbiza. Yule mwenye kichwa chekundu humfuata sange karibu kabisa ili adake wadudu wanaofurushwa. Ukimwona anashukashuka matawi ya chini, akituama, akisogea mbele kidogo, anatuama tena, tazama ardhini mita moja au mbili kutoka hapo. Ndege huyo amekufanyia kazi ya kutafuta, na kwa kuwa anasonga upande mmoja, amekuonyesha pia mnyama atapita wapi dakika tano zijazo. Nenda huko, si alipo. Zunguka mbali, keti mbele yake, mwache aje.

Nilisema kiota chake ni cha majani. Usikiotee. Mbali na kwamba ni kumsumbua mnyama malazini, hakuna faida: sange ana viota kadhaa na habanduki leo akarudi kesho palepale kwa uhakika.

Tuje kwenye kamera. Akifika mita tano kutoka ulipo, furaha huwafanya watu wasahau hesabu nyingine, ya lenzi. Kwa lenzi ya milimita 300 iliyofunguliwa hadi f/4, kwenye kamera ya fremu kamili, sehemu inayotoka kali ni takriban sentimeta 6 hadi 7 tu kutoka mbele kwenda nyuma. Sange kichwa na kiwiliwili ni mara nne ya hapo. Akikutazama uso kwa uso utapata macho na sehemu ya pua, na makalio ya dhahabu, yaani kile kinachomtambulisha, yatakuwa wingu la njano. Ndiyo maana picha zake nzuri karibu zote ni za ubavuni. Kuketi mbele ya njia yake hakumaanishi kuketi juu ya njia. Keti kando, mita chache, ili akupite kama gwaride. Kufunga tundu la lenzi hadi f/8 kungeongeza kina maradufu, lakini mwanga wa kufanyia hivyo haupo chini ya vichaka vile. Pua yake inatikisika muda wote, kwa hiyo chini ya 1/500 ya sekunde utapata mwili mkali wenye pua ya moshi. ISO 3200 hadi 6400 ndiyo hali halisi, na chembechembe za picha zivumiliwe. Picha yenye chembe bado ni picha.

Kamera zisizo na kioo cha kupinduka zimeleta nafuu moja kubwa, ile shata ya kielektroniki isiyolia. Sange wa zamani alishtuka kwa mlio wa kwanza, na picha ya pili ikawa ya majani. Zima pia taa ya kusaidia kulenga, milio ya vitufe, na mwanga wa kioo cha nyuma. Haya ni madogo na hayahitaji maelezo zaidi.

Paa ni shughuli nyingine. Sange hutegemea zaidi macho, masikio na mbio. Paa wa msituni anaongeza pua, na pua haibembelezwi kwa kufunga kamba za viatu. Hapa upepo ndio unaotawala. Katika pwani yetu watu wanajua kusi na kaskazi, lakini chini ya miti upepo huzunguka, hupotea, hurudi kinyume. Mfuko mdogo wa majivu laini ya jikoni ukitikiswa kila baada ya muda unaonyesha harufu yako inakwenda wapi. Ikienda kwenye kijia, ondoka tu, hata kama mahali pamekupendeza.

Unguja kuna njia ya mkato ambayo watafiti wa paa nunga wameieleza: mnyama huyo hufuata chini ya makundi ya kima, akiokota matunda, maua na majani yanayodondoshwa. Jozani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, ina kima punju waliozoea watu kiasi kwamba hupita juu ya vichwa vya wageni bila kujali. Keti chini ya mti wanakokula, pembezoni mwa mvua ya matunda, si katikati. Mimi naamini faida yake si chakula peke yake. Kima ni walinzi wa juu; wakila kwa utulivu huku mtu amekaa chini, aliye vichakani anapata taarifa kwamba mtu huyo hana neno. Bei inashushwa na mdhamini. Kwa upande wa pili, ukimshtua kima mmoja tu, taarifa hiyo nayo inafika.

Hekima ya kutumia jambo ambalo mnyama tayari analifanya haikuanza na sisi. George Shiras, mwanasheria wa Pennsylvania aliyewahi kukaa bungeni Marekani, alikuwa akipiga picha za paa wa Michigan usiku tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mbinu aliichukua kwa wawindaji wa jamii ya Ojibwe: mtumbwi gizani, taa mbele yake. Paa walikuja ukingoni mwa Ziwa Whitefish kula mimea ya majini. Walipoona mwanga, waliutazama tu, maana mwanga hauna miguu, hauna kishindo, na aliyekaa nyuma yake amemezwa na giza. Maji yalichukua kelele za mwendo. Mtumbwi ukisogea taratibu mpaka mita chache, unga wa magnesi ukalipuliwa, picha ikapatikana. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 kwa mpigo. Ukizipima leo kwa ukali wake, simu ya mkononi inazishinda. Ukizipima kwa ukaribu, wengi wetu bado hatujafika. Sishauri mtu aige taa ile huku kwetu. Tochi ya usiku ndiyo silaha ya wawindaji haramu, na paa aliyejifunza kuiduwalia ni paa aliyeshakufa. Cha kuchukua ni namna alivyochagua mwendo wenye sauti na umbo ambavyo mnyama hana sababu ya kuviingiza kwenye hesabu yake.

Narudi kwa kamera ya kutegea, kwa sababu imezagaa na bei yake imeshuka, na watu wanaifunga vibaya. Kihisi chake hakioni mnyama. Kinaona tofauti ya joto inayohama kutoka kipande kimoja cha uwanja wake hadi kingine. Mambo mawili yanafuata. La kwanza, mnyama anayekatiza mbele yake huamsha kihisi haraka kuliko anayekuja moja kwa moja, kwa hiyo kamera itazame kijia kwa ubavu au kwa mshazari. La pili, adhuhuri ya pwani, ardhi ikikaribia joto la mwili wa mnyama, kihisi kinakuwa kipofu nusu. Usihesabu kwamba sange hapiti mchana kwa sababu tu hukumpata. Kwa wanyama wadogo ishuke chini, sentimeta 20 hadi 40 kutoka ardhini, ikiwa mita mbili au tatu tu kutoka kwenye njia. Wengi huifunga usawa wa kiuno cha mtu na kurudi na picha za mgongo.

Wala isidhaniwe kwamba chombo hiki hakionekani. Mwaka 2014 Paul Meek na wenzake huko Australia walionyesha kwamba kamera hizi hutoa sauti, nyingine za masafa yasiyosikika na binadamu, na mwanga ambao wanyama wanaweza kuuona. Zile za mwale wa nanomita 850 huwaka wekundu hafifu hata kwa macho yetu; za 940 hujificha zaidi, ila picha yake ya usiku ni dhaifu. Kwa hiyo hata mashine inaingia kwenye hesabu ya mnyama. Inafaulu kwa kuwa haisogei, hainuki mtu baada ya siku kadhaa, na ipo pale leo kama jana.

Walioipandisha ngazi ni wale waliotenganisha kihisi na kamera. Will Burrard-Lucas, Mwingereza ambaye picha zake za chui mweusi wa Laikipia zilitoka Februari 2019, alitumia kamera ya kawaida ya kazi ndani ya kasha, kihisi cha pembeni kisichotumia waya, na flashi zaidi ya moja zilizosimamishwa pande tofauti. Ukali ulishalengwa, mwanga ulishapimwa, fremu ilishatungwa. Alikosekana mhusika tu. Lakini njia ya kutegea hakuiotea kwa kubahatisha. Ilitoka kwa watu wanaoishi pale, waliokuwa wakimwona chui huyo na kuzijua njia zake. Magazeti yaliandika sana kuhusu flashi na machache sana kuhusu watu hao.

Limebaki suala la kuondoka, ambalo mafunzo mengi hulisahau. Picha ikishapatikana watu husimama ghafla, hukung'uta suruali, huongea. Kwa mnyama, somo la siku hiyo ni hilo la mwisho: kile kitu kilichokaa kimya huinuka ghafla. Kesho bei imepanda. Ngoja sange apite, kuchakura kupotee masikioni, ndipo uinuke na kurudi kwa njia uliyoingilia.

Na usimzoeshe kupita kiasi. Sange aliyemzoea mtu aliyeketi na kamera amemzoea pia mtu aliyeketi na wavu, na huko Arabuko-Sokoke bado hunaswa kwa kitoweo. Asubuhi chache kwa jozi moja zinatosha, kisha hamia kwingine. Simu na kamera nyingi siku hizi huandika majira ya mahali ndani ya faili la picha. Uzime mpangilio huo kabla ya kuingia msituni, au uyafute kabla ya kumtumia yeyote, na kwenye maelezo uandike jina la msitu, basi. Jina la njia na alama ya mti ulioegemea vibaki kwenye daftari lako.